Ukame unasingiziwa: mbegu za nyasi zinafukiwa

Mhariri,

Vuli inapokaribia, wafugaji wengi wa Makueni, Kitui na Kajiado hununua mbegu za nyasi za kienyeji ili kufufua malisho yaliyobaki vipara. Mvua ikipita na ardhi ikabaki nyekundu vile vile, lawama zote huangukia ukame. Mara nyingi ukame unasingiziwa. Mbegu iliuzwa kabla usingizi wake haujaisha, yaani ikiwa bado mpya mno kuota, au ilifukiwa mno, au mbuzi waliingizwa mapema.

Nazungumzia nyasi tatu ambazo Ukambani zinajulikana kama ndata kivumbu, mbeetwa na nguu. Kwa wataalamu ni Cenchrus ciliaris, Eragrostis superba na Enteropogon macrostachyus. Zote ni za nchi kame, ila tabia zao hazifanani. Nguu huota upesi na kufunika ardhi mapema. Mbeetwa na ndata kivumbu huchelewa, na mbegu zao zikiwa mpya hulala miezi kadhaa hata ukizinyeshea kila siku. Ndiyo maana napendelea kuzichanganya shambani: nguu ishike udongo wakati wenzake wanajivuta.

Usingizi huo ndio unaowaponza wanunuzi. Mbegu ya mbeetwa iliyovunwa Januari au Februari, baada ya mvua za vuli, huwa imetulia vizuri ifikapo Oktoba. Iliyovunwa Juni au Julai, baada ya masika, huwa bado imelala Oktoba hiyo hiyo. Mnunuzi akiangalia gunia haoni tofauti yoyote.

Basi ipime kabla ya kulipa. Sugua konzi moja kiganjani na upulize makapi. Ukibaki na punje chache sana, umeuziwa maganda. Kisha hesabu mbegu 100, zitandaze juu ya kitambaa cha pamba chenye unyevu ndani ya sahani, zifunike, na uzinyunyizie maji zisikauke. Siku ya 14 hesabu zilizoota. Zikiwa chini ya 20, ama kataa, ama ongeza kiasi cha kupanda maradufu. Mbegu nzuri yatosha kilo 2 kwa ekari.

Panda udongo ukiwa mkavu, kabla mvua haijaanza, ili mbegu ipate matone ya kwanza. Usiiloweke: ikishaanza kuchipua halafu mvua ikakatika wiki moja, imekufa. Pitisha plau ya ng'ombe kukata mteremko, kamwe si kushuka nao, ili kila mfereji uzuie maji yanayotiririka. Hapa ndipo wengi hukosea: humwaga mbegu chini kabisa ya mfereji, kisha udongo huporomoka na kuizika. Mbegu hizi ni ndogo na hazina akiba ya kusukuma chipukizi kutoka chini sana. Weka kwenye udongo uliotifuliwa ubavuni mwa mfereji, kisha kokota tawi lenye vijiti juu yake. Sentimita 1 ya udongo inatosha. Ikizidi 2 utajuta. Mbegu za ndata kivumbu zina manyoya na hushikamana kama pamba, hivyo zichanganye na mchanga mkavu ili zimwagike sawasawa.

Magugu yang'olewe kwa mkono yakiwa bado machanga. Mifugo isiingie msimu wote wa kwanza, hata nyasi zikionekana ndefu na za kuvutia. Shika shina ulivute jinsi ng'ombe anavyovuta kwa ulimi: likitoka na mizizi, shamba bado. Acha masuke yakomae na kudondosha sehemu ya mbegu, kwa sababu hizo ndizo zitakazoziba mapengo msimu ujao.

Kuanzia msimu wa pili, anayetaka marobota akate nyasi zinapoanza kutoa maua, abakize kisiki cha sentimita 10 hivi, kwani machipukizi mapya hutoka kwenye vifundo vya chini. Anayetaka mbegu asubiri, lakini ajue kwamba nyasi iliyokomaza mbegu imegeuka mabua na lishe yake imepungua. Huwezi kuvuna vyote viwili kwa ubora kutoka kipande kimoja; gawa shamba.

Mbegu ikaushwe kivulini na ihifadhiwe katika gunia la katani, juu ya mbao. Mfuko wa plastiki hufungia unyevu, na mbegu huvunda.

Ombi langu kwa serikali za kaunti na kwa miradi inayogawa mbegu: kila gunia liandikwe aina ya nyasi, mwezi na mwaka wa kuvunwa, na idadi ya mbegu zilizoota kati ya 100. Gunia lisilo na maandishi hayo lisipokelewe Oktoba hii.

Mkuzaji wa mbegu za nyasi,
Kibwezi, Makueni