Mliniuzia Praha mkaniambia ni London

Chama cha Muziki,
Shule ya Upili,
Njoro.

16 Juni 2025

Kwa Meneja,
Duka la Ala na CD za Muziki,
Tawi la Nakuru.

Bwana au Bibi Meneja,

MINT: CD NILIZOUZIWA KWA JINA LISILO LAKE, NA HEDIFONI NILIYOVULIWA KICHWANI

Natumai mu wazima na biashara yaendelea, ingawa kwa namna mnavyowatendea wateja sijui inaendeleaje.

Mimi si mgeni kwenu. Kwa miaka tisa nimenunua nyuzi za gitaa hapo, filimbi za plastiki arobaini za kidato cha kwanza, ngozi ya ngoma iliyopasuka baada ya wiki mbili (hiyo nilinyamaza), na stendi za kuwekea karatasi za noti. Masharti yenu ya mauzo mnayajua kuliko mimi, sitawasomea. Nitasema nililotendewa.

Jumamosi tarehe 7 Juni, saa tano asubuhi, msimamizi wenu wa zamu alinivua hedifoni masikioni mbele ya wanafunzi wangu wawili wa kidato cha tatu, akazima mashine, akasema: "Muziki ni muziki, mwalimu. Hapa si darasani." Wakati huo nilikuwa nimesimama kwenye kaunta nikimwonyesha kwa adabu, dakika kwa dakika, kwamba CD mlizoniuzia si zile nilizoagiza. Nilikuwa sijafika hata nusu ya wimbo wa pili.

Basi nianze mwanzo.

Pesa zile hazikuwa zangu peke yangu. Chama cha muziki kina wanafunzi 28, na kila mmoja alitoa shilingi mia moja. Wengine walileta sarafu za kumi kumi zimefungwa kwenye karatasi ya daftari. Salio la 4,000 nikatia mimi, jumla 6,800. Tulitaka muziki wa filamu tatu za The Lord of the Rings alioutunga Howard Shore, na tuliutaka katika rekodi ya filamu zenyewe, iliyopigwa kwa sehemu kubwa na London Philharmonic Orchestra. Nililiandika jina la okestra hiyo lote, herufi kwa herufi, katika ujumbe wangu wa WhatsApp wa tarehe 19 Mei. Niliuliza mara mbili. Jibu lenu ninalo mpaka leo: "Ni orijino kabisa mwalimu, London hiyo hiyo." Mkatia na kidole gumba. Nikalipa kwa M-Pesa dakika ileile.

Kwa nini London na si kwingineko? Kwa sababu hao watoto waliitazama filamu ya kwanza ukumbini wikendi moja, na msichana mmoja akanijia akauliza, "Mwalimu, wale wanaoimba kule mgodini, ni lugha gani?" Nikamwambia ni Khuzdul, lugha ambayo J.R.R. Tolkien, mwandishi wa hadithi hiyo, aliwatungia vibeti wake. Nikamwambia pia kwamba ngurumo ile ya sauti za wanaume ilirekodiwa New Zealand. Tangu siku hiyo wavulana wa besi hawaendi kula bila kunguruma njiani. Mimi hufundisha masikio. Katika mtihani wa kitaifa mtahiniwa wa muziki hupigiwa sauti aeleze anachosikia, na mtoto asiyeweza kutofautisha anachosikia amekwenda na maji. Niliona hapo nimepata somo la mwaka mzima.

Kifurushi kilifika 30 Mei, siku mbili kabla ya Madaraka. Tukakifungulia chumba cha muziki, wengine wameketi juu ya madawati. Kasha lina mlima, upanga, na jina la filamu kubwa kama tangazo la mkutano wa siasa. Nikabonyeza. Haikupita dakika mbili, mpiga filimbi wangu akanitazama, nami nikamtazama. Hakuna aliyesema neno. Nikaruka hadi ule wimbo wa mwisho wa filamu ya kwanza, ulioimbwa na Enya. Akaingia mwanamke mwingine kabisa! Darasa zima likacheka, nami nikageuza kasha, na pale chini, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa, nikasoma: The City of Prague Philharmonic Orchestra, yaani okestra ya jiji la Praha, si ya London.

Mnielewe vizuri, maana msimamizi wenu alitaka kunigeuza mtu anayedharau watu wa Praha. Siwadharau hata kidogo. Okestra hiyo imerekodi upya muziki wa filamu nyingi mno, na baadhi ya kazi hizo nazipenda. Muziki wa filamu ya Conan the Barbarian, alioutunga Basil Poledouris, ulirekodiwa Roma kwa ajili ya filamu hiyo ya 1982. Karibu miaka thelathini baadaye Praha waliupiga upya, wakiongozwa na Nic Raine, na humo mna vipande ambavyo albamu ya kwanza iliviacha. Hiyo ninayo nyumbani. Niliinunua nikijua ni ya nani, na nimeisikiliza mpaka mke wangu akaomba amani. Rekodi ya upya si dhambi. Dhambi ni kuibandika jina la mwingine.

Sababu ya rekodi hizo kuwapo mnaijua, ninyi mnaofanya biashara hii. Noti ni mali ya mtunzi au aliyezinunua kwake, na ile sauti iliyonaswa studioni ni mali ya aliyegharimia rekodi. Hata Sheria yetu ya Hakimiliki ya 2001 inatenganisha kazi ya muziki na rekodi ya sauti. Anayetaka kuuza muziki huo bila kuikomboa rekodi ya filamu huomba ruhusa ya noti, hulipa haki za mtunzi, kisha hukodi okestra nyingine ikae chini ipige upya. Ni kazi halali. Ila mpigaji ni mwingine, chumba ni kingine, kwaya ni nyingine, na mkono unaoongoza unaamua mwenyewe pa kukimbilia na pa kuvuta pumzi.

Kama hilo ni gumu, nitumie mfano wa nyumbani. Mtu aje dukani kwenu atake Malaika ya Fadhili William, nanyi mmfungie Malaika ya kundi la Boney M. Wimbo ni uleule, maneno ni yaleyale. Mtathubutu kumwambia muziki ni muziki? Baba yangu, Mungu amrehemu, angewarudishia hiyo sahani kwa njia ya dirisha.

Nilipiga simu mara sita kati ya Juni 2 na Juni 6. Tawi likasema pigia Nairobi, Nairobi wakasema rudi tawini. Ndipo Jumamosi nikapanda matatu na wanafunzi wawili, mpiga filimbi na yule msichana wa swali la mgodini, kwa kuwa ni pesa zao na nilitaka waone jinsi mtu mzima anavyodai haki yake bila kelele.

Waliona.

Narudi tena kwenye hedifoni. Mnisamehe, kalamu inakataa kupita hapo. Hapo juu nimesema nilivuliwa. Sikueleza nilivuliwaje. Kijana yule, ambaye kwa umri ni sawa na kitinda mimba wangu, hakuniomba. Alinyoosha mkono juu ya kaunta akaivuta kwa waya. Waya ukanasa miwani, miwani ikaruka ikateleza mpaka chini ya kile kinanda cha maonyesho kilichoko karibu na mlango. Mmoja wa wahudumu wenu akacheka. Mimi bila miwani naona watu kama miti, kwa hivyo nikabaki nimeshika ukingo wa kaunta kama mtu aliye kwenye feri. Yule msichana akapiga magoti sakafuni mwenu na sketi yake ya shule, akaingiza mkono kwenye vumbi, akaitoa miwani ya mwalimu wake, akaifuta kwa sweta, akanipa. Hakunitazama usoni. Na wakati msichana yuko magotini, ndipo msimamizi aliposema yale maneno yake ya muziki ni muziki, huku akinyooshea kidole kibao cha "Bidhaa ikishauzwa hairudishwi". Nilisahau kusema kwamba dukani mlikuwa na wateja wengine, angalau watano. Mmoja ni mzazi wa shule yetu.

Ndani ya matatu hakuna aliyezungumza. Tulipopita Ngata mpiga filimbi akaniuliza polepole, "Mwalimu, lakini labda yule jamaa yuko sawa? Kwani kuna tofauti gani?" Huyu ndiye aliyenitazama tarehe 30 Mei, aliyeisikia tofauti kwa masikio yake kabla sijaisoma kwenye kasha! Miwani hutengenezwa. Mtoto aliyeanza kutilia shaka sikio lake, ninyi mtanitengenezea wapi?

Kibao chenu nacho nikitaje. Kinaweza kumzuia aliyenunua akabadili nia. Hakimzuii aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia. Ibara ya 46 ya Katiba inampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa na habari anazohitaji kuhusu bidhaa hizo, na Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya 2012 inakataza kumwambia mnunuzi jambo la uongo au la kumpotosha. "London hiyo hiyo" ni nini, kama si hilo?

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuomba jambo moja: mchukue CD zenu, mnipe rekodi niliyoagiza au mnirudishie 6,800, katika muda wa siku kumi na nne. Bado naliomba. Lakini kwa kuwa nimelazimika kulieleza jambo hili mara ya pili na damu imenipanda upya, naongeza nauli ya watu watatu kwenda na kurudi. Naongeza pia barua ya kuomba radhi, iliyotiwa sahihi na msimamizi mwenyewe, iandikwe kwa majina ya wanafunzi wale wawili. Mimi aniache, nimezoea. Barua hiyo ikiri waziwazi kwamba okestra moja si nyingine. Nitaibandika ukutani chumba cha muziki, karibu na picha za ala.

Tena mrekebishe matangazo yenu. Jana usiku nimeyaangalia, kasha lilelile bado mnaliita "soundtrack orijino" kwa bei iliyoongezwa mia mbili. Baada ya simu zangu sita! Baada ya hedifoni! Basi zile siku kumi na nne nilizoandika hapo juu zifuteni. Ni siku saba, zianze kuhesabiwa siku barua hii itakapogongwa muhuri na karani wenu, na karani asipogonga nitakuwa na shahidi.

Siku ya nane nitakwenda Mahakama ya Madai Madogo. Hapo mtu husimama mwenyewe bila wakili, na dai langu liko mbali sana na ile milioni moja ambayo ndiyo mpaka wao. Ushahidi ninao: ujumbe wa WhatsApp, risiti, kasha lenye mayai ya chawa, na vijana wawili wenye masikio mazuri kuliko yote katika shule yetu. Nakala ya barua hii itakwenda kwa Mamlaka ya Ushindani, na nyingine nitawasomea walimu wenzangu wa muziki tutakapokutana kwenye mashindano ya kaunti. Kila mmoja wao hununua filimbi arobaini kwa mwaka, kama mimi.

Nitakuja mwenyewe kuchukua jibu, Jumamosi, saa tano. CD zitakuwa mkononi, wanafunzi walewale watakuwa kando yangu, na safari hii nitaleta hedifoni yangu kutoka nyumbani.

Wako mwaminifu,

Mwalimu wa Muziki,
Njoro.

T.B. Mkono wa kushoto wa miwani ulilegea. Fundi amenitoza shilingi 450. Mziongeze kwenye ile hesabu.