Kidonge cha Shilingi Chache, Bili ya Maelfu

Wiki iliyopita mama mmoja wa South B, Nairobi, alipokea risiti kwenye kliniki yetu ya wanyama baada ya paka wake kutibiwa sumu ya paracetamol, akaisoma mara mbili, akauliza: "Daktari, paka wangu mmemtibu au mmeninunulia mwingine?"

Lawama hiyo tumeizoea. Eti paracetamol ni shilingi chache kwa kemisti, iweje kuitoa tumboni kugharimu maelfu? Mama, hatukuitoa tumboni. Ulipofika ilikuwa imeshaingia damuni zamani.

Ini la mtu huivunja dawa hii kwa urahisi. La paka karibu haliwezi. Sumu inayobaki huharibu chembe nyekundu, damu ikashindwa kubeba oksijeni. Kidonge kimoja cha miligramu 500 chatosha kumuua paka wa kilo 4.

Paka wa mama huyu alikuwa anachechemea, akapewa nusu kidonge saa mbili usiku, "kipimo cha mtoto". Alipoanza kudondosha mate, akanyweshwa maziwa. Usiku wa manane, maji ya chumvi. Asubuhi tulimfunua mdomo tukakuta ufizi una rangi ya kakao na uso umefura kama wa bondia. Damu tuliyovuta kwa sindano ilikuwa ya hudhurungi.

Kwa hiyo bili ni oksijeni, dripu, vipimo, mtu wa kukesha naye, na asetilisisteini, dawa ya kukabili sumu ya paracetamol, kila baada ya saa 6. Dawa hiyo twainunua kwenye famasi za binadamu, na bei haishuki kwa sababu mgonjwa ana mkia.

Maziwa hayazuii sumu. Chumvi nayo ni balaa jingine: kuna paka wa Umoja ambaye tulihangaika zaidi na chumvi aliyonyweshwa kuliko dawa aliyolamba. Na jamaa wa Kayole, ili aokoe pesa, alimpaka paka dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrini, kiuawadudu ambacho ni sumu kwa paka. Paka alitetemeka siku mbili mfululizo.

Paka akila sumu, tunachotaka ni simu mara moja, saa aliyokula, uzito wake kama unaujua, na pakiti yenyewe. Usimtapishe nyumbani.

Kijana mmoja alitujia na pakiti aliyoiokota kwenye pipa la taka, bado ina majani ya chai. Alikuwa amehesabu: kimoja hakipo, dakika 30 zimepita. Tulimdunga paka sindano ya kutapisha, kidonge kikatoka karibu kizima. Tulimweka hadi jioni kumwangalia. Kijana alilipa kwa M-Pesa papo hapo, hakuomba hata kupunguziwa.