Jirani kasahau ugomvi wao, mzee wangu hajasahau. Nimzuie asiende kwake?

Habari zenu wakuu, naombeni ushauri maana hili jambo linaninyima usingizi na hapa nyumbani sina wa kumuuliza.

Mzee wangu ana miaka 79. Mama alifariki miaka mitatu iliyopita na tangu hapo akawa mtu wa kukaa tu, redio inaongea yeye hasikilizi, ukimuuliza chochote anajibu "sawa" hata kama swali lenyewe halijibiki kwa sawa. Jirani yetu ana 82, nae mkewe alishatangulia, anaishi na kijana wa kumhudumia. Sasa hawa wawili walikuwa hawasalimiani miaka 22. Chanzo mpaka wa kiwanja, mita moja tu jamani, lakini walipelekana mahakamani, baba akashinda, na sisi watoto tukakatazwa hata kwenda kuokota mpira ukidondokea kwao. Kwetu hakuwa na jina, aliitwa "yule".

Mwaka jana yule akapatwa na ugonjwa wa kusahau, ile Alzheimer. Asubuhi moja kaja mwenyewe hadi getini, vifungo vya shati vimepishana, anamwambia mzee wangu "jirani, mbona umepotea hivyo?" Mzee akamwangalia weee, nikajua leo kinawaka. Kumbe ananyoosha mkono, anamfungua vifungo na kumfunga upya kimoja kimoja, huku anamjibu "nipo jirani, nipo".

Daktari alimweleza mtoto wake kwamba ugonjwa huu mara nyingi unaanza kufuta ya karibuni, ya zamani yanabaki kwa muda, kwahiyo nadhani kichwani kwake bado yupo miaka ile kabla ya kesi.

Basi kila asubuhi mzee anaenda kwake wanacheza drafti. Jirani anasogeza kete mara mbili, saa nyingine anasogeza hadi za mwenzie, na mzee wangu, ambaye mimi mwanae wa kuzaa hajawahi kuniachia nimfunge hata mara moja, anamwambia "umenifunga, panga tena". Ameanza kunyoa ndevu. Anacheka peke yake akirudi. Nilisoma ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya 2025 inasema mtu 1 kati ya 6 duniani anasumbuliwa na upweke na kwamba unahusishwa na vifo kama 871,000 kila mwaka, nikasema afadhali, mzee wangu kapata pa kuponea.

Shida ni kwamba kuna siku ugomvi unamrudia. Wiki mbili zilizopita mzee alienda jioni kufuata miwani aliyoisahau, na jioni ndo hali ya jirani inaharibikaga zaidi, akamfukuza na fimbo, "mwizi wa kiwanja, toka kwangu!" Baba karudi kimya, hakula. Nikajua yameisha. Kesho yake saa tatu huyoo anatoka na boksi la drafti kwapani.

Nikamuuliza, baba kwani lazima? Akakaa kwanza kwenye ngazi. Akasema ana haki ya kunitukana, ile mita kweli ilikuwa yake na nilijua. Mwanangu, nimeshamuomba msamaha mara nne, kila mara ananiambia hakuna neno jirani, halafu kesho anakuwa hakumbuki hata kama kuna kosa, naanza upya.

Nilikosa cha kusema.

Sasa mtoto wa jirani, anaishi mbali, kasikia habari za fimbo kutoka kwa yule kijana. Amenipigia simu anataka nimzuie mzee asiende tena, anasema baba yake angekuwa na akili zake timamu asingemruhusu avuke geti. Na ukweli hajakosea, miaka 22 hakumruhusu. Ila huyohuyo baba yake asubuhi akichelewa kumuona mwenzie anakaa mlangoni anauliza "jirani yuko wapi", kijana mwenyewe kaniambia.

Nifanyeje wakuu? Nimzuie mzee, nae arudi kwenye redio yake? Au nimwambie mtoto wa jirani ile habari ya mita, ambayo baba aliniambia mimi na si mtu mwingine, na inaweza kuturudisha mahakamani? Jumapili atapiga tena anataka jibu. Waliouguza mtu wa ugonjwa huu naomba mnisaidie zaidi, na tafadhali msinitukanie mzee.