Kura tunapiga, na yao tuonyesheni

Mhariri,

Makala yenu kuhusu maandalizi ya uchaguzi wa Agosti 10, 2027 nimeisoma mwanzo mpaka mwisho. Imejaa majina: nani kahama chama, nani anamezea mate kiti cha nani. Mstari hata mmoja sikuuona unaoeleza watu hao wakishachaguliwa wanakwenda kufanya nini. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Mwaka 2022 nilikuwa karani katika kituo kimoja cha kura huku Kisauni. Kwa kawaida mpiga kura wa Kenya hupewa karatasi sita: ya rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa kike na mwakilishi wadi. Sisi Mombasa siku ile tulitoa tano, kwa kuwa karatasi za ugavana zilikuja na kasoro, na uchaguzi huo, pamoja na wa Kakamega, ukasukumwa mpaka Agosti 29. Basi akafika bibi mmoja, buibui lake limeloa jasho begani, akazitandaza karatasi mezani kwangu kama anayechagua leso dukani.

"Mwanangu, hii ya manjano ya nani?"

"Ya seneta, bibi."

"Na yeye kazi yake nini?"

Foleni ilikuwa imefika nje ya lango, na wakala mmoja wa chama alikuwa amenikodolea macho nisije nikampigia mtu debe. Nikasema la kwanza lililonijia: "Huyo hukaa Nairobi." Bibi akacheka. "Na huyu wa kijani, yeye hukaa wapi?"

Jibu lile laniudhi hadi leo. Bibi aliuliza swali la maana, nami niliyevaa kibandiko cha tume ya uchaguzi sikuwa na la kumwambia.

Ningemwambia hivi. Wa karatasi ya kijani ni mbunge wa eneobunge lako. Yuko Bunge la Taifa, lenye wabunge 349: 290 wa maeneobunge, wawakilishi wa kike 47 na 12 walioteuliwa kupitia vyama. Hao ndio wanaoamua ushuru utozwe kwenye nini na fedha za serikali kuu zitumike vipi. Wa manjano yuko Seneti, ambako kila kaunti ina kiti kimoja cha kuchaguliwa, iwe Lamu au Nairobi. Yeye analinda kaunti: fedha zigawanywe vipi baina yao, na gavana akifikishwa mbele ya Seneti na bunge la kaunti, abaki au aende nyumbani. Taa ya mtaa ikizimika au zahanati ikikosa dawa, wa kuulizwa si huyu wala yule. Hayo ni ya gavana, na mwakilishi wadi ndiye wa kumbana.

Haya si mambo ya darasani. Juni 2024, Mswada wa Fedha, ule wa kupanga ushuru, ulipochafua nchi, barazani kwetu watu walimtukana seneta usiku kucha. Seneta wa watu hakuwa na kura pale! Mswada wa fedha huanza na kuishia Bunge la Taifa, Seneti hawauoni. Waliopaswa kuulizwa walikuwa wabunge wetu sita, wa Changamwe, Jomvu, Kisauni, Nyali, Likoni na Mvita, pamoja na mwakilishi wa kike. Jina la hata mmoja wao halikutajwa pale barazani.

Na mswada haupiti kwa siku moja. Ukisomwa mara ya kwanza, kinachosomwa ni kichwa chake tu. Kisha unakwenda kwa kamati, na hapo wananchi tunaruhusiwa kupeleka maoni. Ushuru wa asilimia 16 juu ya mkate uliondolewa katika hatua hiyo, kabla wabunge hawajapiga kura ya kusomwa mara ya pili, ambayo ilipita kwa 204 dhidi ya 115. Vijana waliofika barabarani kuupinga walikuwa wamezijua hatua hizi kuliko sisi wazee tulioshinda tukisikiliza redio. Walijua kura ya mwisho ni Juni 25, wakatoka siku hiyo hiyo. Ndani ya Bunge wabunge wakaupitisha kwa 195 dhidi ya 106. Nje watu walipoteza maisha, na kesho yake Rais akakataa kutia saini.

Jumlisheni hizo namba, Mhariri. 195 na 106 ni 301. Viti ni 349. Zaidi ya 40 hawakuhesabika upande wowote. Yawezekana wapo waliougua, wapo waliosafiri, na wapo waliojificha. Mimi najuaje, na gazeti langu halikuniambia?

Miezi minne baadaye tulipewa somo jingine bila kuliomba. Oktoba 8 wabunge 281 walipiga kura ya kumng'oa Naibu Rais Rigathi Gachagua. Mafundi wa bodaboda mtaani kwangu wakadhani yameisha. Kumbe Bunge la Taifa ni mshtaki tu. Hakimu ni Seneti, ambayo ilisikiliza kesi yake Oktoba 16 na 17 na kumhukumu, ikimkuta na hatia katika mashtaka 5 kati ya 11. Siku hizo mbili watu walitazama Seneti kama fainali ya kombe. Yule bibi, kama alitazama, alipata jibu lake bila msaada wangu.

Nami lawama nawatupia na nyinyi kidogo. Mnapoandika "Bunge limepitisha", Bunge lipi? Mnapoandika "wabunge wetu", mmewachanganya na maseneta ndani yake? Msomaji akichanganyikiwa ndiyo hayo: mbunge anapimwa kwa basari na kwa bahasha aliyotoa matangani, seneta kwa harusi alizohudhuria. Wenyewe wanapenda hivyo, maana bahasha ni rahisi kuliko kueleza ulipiga ndiyo au la.

Ombi langu ni dogo. Kila mswada mzito unapopigiwa kura ya majina, si ile ya kupiga kelele za ndiyo na la akaamua Spika kwa sikio lake, chapisheni majina ya wabunge wetu wa Mombasa na namna walivyopiga. Ni saba tu na mwakilishi wa kike akiwemo. Na asiyekuwapo, andikeni "hakuwapo". Rekodi rasmi ya Bunge iko wazi kwa umma. Nafasi itakayohitajika haizidi lile tangazo la makochi mnaloliweka ukurasa wa nne kila Jumamosi.

Karani wa zamani,
Kisauni, Mombasa