Fundi, sema "kufuta" kabla hujaflashi

Mhariri,

Naomba nafasi niseme juu ya neno moja, kuflashi, ambalo sisi wa Kenya tumelizoea kwa maana ya kumpigia mtu simu na kuikata kabla hajapokea, ili aione nambari apige yeye. Wenzetu wa Tanzania huita kubipu. Kwenye meza ya fundi wa simu, hata hapa hapa Mombasa, neno hilo hilo lina maana nyingine kabisa, nayo ni kuipakia simu upya programu inayoiendesha, kazi ambayo mara nyingi huondoka na kila kilichokuwamo.

Shangazi yangu alipeleka kwa fundi simu iliyokuwa ikijizima na kujiwasha yenyewe. Fundi akaitazama, akamwambia kwa adabu, "Mama, hii dawa yake ni kuiflashi tu." Shangazi akajibu, "Flashi tu mwanangu," akamtajia nambari ya kabambe yake, ile simu yake nyingine ndogo ya vitufe. Fundi, ambaye ni kawaida yake kuandika nambari ya mteja, aliiandika kwenye kipande cha gundi ya karatasi na kukibandika mgongoni mwa simu, na hapo kila mmoja akaridhika kwamba ameeleweka. Shangazi alikaa kwenye kigoda, kabambe mkononi, akingoja ilie. Alipopewa simu yake ilikuwa inamuuliza achague lugha. Picha za arusi ya bintiye na nambari za wanachama wa chama chake, ambazo alizihifadhi kwenye simu wala si kwenye laini, zilikuwa zimekwenda.

Nilipomwendea fundi aliniuliza swali moja, "Si mwenyewe alisema flashi?" Nami sikuwa na la kumjibu, kwa kuwa ni kweli alisema.

Watakaosema hii ndiyo hasara ya kukopa maneno ya kigeni na kuyageuza ya mitaani, mimi siwaungi mkono. Lugha yetu ina maneno mengi yenye makao mawili, na wala hayatusumbui. Anayesikia dirisha la kompyuta hatafuti pazia, wala anayeomba kipanya hapewi mnyama. Maneno hayo hayagongani kwa sababu mambo yenyewe yako mbalimbali. Kuflashi kuna tabu ya pekee, kwamba maana zote mbili zinahusu kifaa kimoja, na hutamkwa na watu wawili wanaokitazama kifaa hicho kwa wakati mmoja, kwa hiyo muktadha, ambao kwa kawaida ndio hutuokoa, hapo hausaidii kitu. (Kuflashi choo sikutaji, maana huko angalau hakuna anayekosea.) Tena maana hizo zinapingana, kwa kuwa ile ya kwanza huacha alama kwenye simu ya mwenzio na hii ya pili hufuta alama zote.

Na wala si mafundi wetu waliolipotosha neno. Fujio Masuoka wa kampuni ya Toshiba nchini Japani alipobuni aina ya kumbukumbu ya kielektroniki (ndiyo hiyo simu zetu huhifadhia programu na picha) aliyoitangaza mwaka 1984, jina la "flash" lilipendekezwa na mwenzake, Shoji Ariizumi, kwa vile namna kumbukumbu hiyo inavyofutwa ilimkumbusha mmweko wa kamera. Kufuta kulikuwamo ndani ya jina tangu siku ya kwanza, ila sisi tuliolipokea kwa njia ya simu zisizopokewa, zama ambazo salio lilihesabiwa shilingi kwa shilingi, hatukuliona.

Kwa hiyo siwaombi mafundi waliache neno lao la kazi. Wanapozungumza wao kwa wao na waendelee nalo. Ninachoomba ni kwamba, mbele ya mteja, waseme kwa lugha ya nyumbani: "Nitafuta vitu vyote vilivyomo. Umeweka nakala mahali pengine?" Fundi mwenye uzoefu anajua pia kwamba zipo hitilafu zinazotengenezwa bila kufuta chochote, na kwamba picha zilizo kwenye kadi ya kumbukumbu husalimika iwapo kadi itatolewa kwanza. Ni vyema mteja aambiwe hayo kabla simu haijachomekwa kwenye kompyuta, kwa sababu katika simu nyingi za siku hizi, ambazo hufunga taarifa kwa msimbo wa siri, kilichofutwa hata fundi mwenyewe hawezi kukirudisha. Watunga kamusi nao, wanapoliingiza kitenzi hiki, waweke maana zote mbili, na ile ya fundi isiachwe bila neno "kufuta".

Shangazi kwa sasa hamflashii mtu. Akinihitaji hupiga moja kwa moja, na salio likiisha katikati ya maneno husubiri mimi nimrudie.

Msomaji wako,
Mombasa