Watoto wa dei kea waimbiwe, TV izimwe

Mhariri, naomba nafasi kidogo gazetini kwako niongee na wenye vituo vya kulelea watoto hapa Dar na sisi wazazi pia. Vituo vingi siku hizi mtoto wa mwaka mmoja na nusu anawekwa mbele ya katuni toka asubuhi mpaka mama atoke kazini, na Shirika la Afya Duniani lilishasema tangu 2019 mtoto wa umri huo asikae kabisa mbele ya skrini, wa miaka miwili mpaka minne isizidi saa moja kwa siku.

Muziki wa kuimba na kucheza ni kitu kingine kabisa jamani. Dada akiimba anavuta maneno, anarudia rudia, mtoto anamuangalia mdomo anadaka silabi, na ule mchezo wa ngoma ikinyamaza wote mnasimama unamfundisha kujizuia, kazi ngumu sana kwa umri wake. Piano ya nini? Kayamba linatosha, hata kopo lenye mchele ndani (lifungwe vizuri tu wasije wakapaliwa).

Na wimbo uwe uleule kila siku kabla ya kunawa, mwingine kabla ya kulala mchana, maana mtoto hajui saa ila anajua kinachofuata, ndo maana vilio vinapungua.

Wazazi, tukienda kutafuta kituo tusiishie kuuliza ada, tuulize na ratiba ya siku nzima, wanaimba saa ngapi na nani anaimba nao.

Mama wa wawili, Mbagala