Kwako uliyeondoka na kompaila yetu

Ndugu yangu, nimejaribu toleo lako jipya la kompaila, ile programu inayogeuza kodi iwe lugha ya mashine, ulilolichepusha kutoka la kwetu, na limenikosha, meseji za makosa sasa mtu anaelewa, lupu, yaani kodi zinazojirudia, zinakimbia kuliko za kwetu. Nikafurahi weee, halafu nikakasirika, maana kazi hiyo ilitakiwa iwe huku.

Ya siku ile bado yamenikaa kooni. Ulileta pachi moja, furushi la mabadiliko, kama gunia, ndani optimaizesheni za kuongeza kasi, majina ya mafaili umebadilisha, nafasi za mistari umepanga upya mpaka difu, orodha ya kilichobadilika, inaonyesha kila kitu kimeguswa, sasa nani anasoma hiyo? Nikairani hivyo hivyo. Kompaila ikajijenga raundi tatu kama kawaida, matokeo ya pili na ya tatu hayakulingana, na yalitakiwa yafanane kabisa. Nilipokwambia siipokei ukanijibu mbele ya watu kwamba mimi ni bawabu tu. Bawabu! Mimi niliyekesha na wewe kwenye lile bagi la pointa!

Najua utanitajia EGCS, wale waliochepuka na kompaila yao. Sawa, walijitoa GCC, kompaila ya mradi wa GNU, mwaka 1997 kwa kuchoka kusubiri, na Aprili 1999 hao hao wakakabidhiwa GCC yenyewe, Julai ikatoka 2.95 kwa kodi yao. Ila wale hata wakiwa nje walikuwa wanavuta mabadiliko ya upande wa pili, wewe tangu uondoke hujavuta hata komiti moja, badiliko moja lililohifadhiwa, ya kwetu, sasa tunaunganisha vipi?

Kata vipande bwana. Nafasi za mistari peke yake, majina peke yake, kila optimaizesheni ije na jaribio linalofeli bila hiyo pachi. Sio roho mbaya. Kompaila ikitoa kodi mbovu, mwenye programu anahangaika na mistari yake wiki nzima kumbe haina kosa, ndio maana nilikataa na leo ningekataa tena, na wewe ulijua nina haki, maana baadaye ulirekebisha kule kwako kimya kimya, ile komiti niliiona, umeandika "usafi kidogo". Usafi!

Haya, anza kuleta ile ya lupu, nitaisoma mwenyewe na sitaichelewesha. Ya kugawa rejista, vile vihifadhi vidogo vya haraka ndani ya prosesa, tutabishana kwanza, kwenye funksheni kubwa bado inamwaga thamani kwenye memori wakati rejista zipo tupu, na usiniambie ni prosesa yangu.